Marahaba Iliyokatika

Mama yake Sifael alikuwa mtu wa "sijambo." Ungemkuta ameangukiwa na mgomba, mguu uko chini ya shina, ukamuuliza hujambo mama, angekujibu sijambo, za huko kwenu, halafu ndiyo aanze kutafuta namna ya kuuchomoa huo mguu. Alilelewa hivyo huko Marangu, na miaka sabini na sita haikumbadilisha hata kidogo. Kwake salamu ilikuwa salamu. Mtu amekuja kukujulia hali, humtwishi maradhi yako kabla hajakaa.

Kwa hiyo asubuhi ile, Sifael alipomkuta kwenye kiti cha jikoni, mgongo ukutani, uji umepoa mkononi, akamuuliza, "Mama, umeamkaje?" na mama akajibu, "Vizuri, baba," jibu lenyewe halikumwambia kitu. Kilichomshtua ni ng'ombe. Ng'ombe alikuwa analia bandani, chuchu zimejaa, hajakamuliwa, na saa mbili imeshapita. Tangu Sifael apate akili zake hajawahi kumsikia ng'ombe wa mama yake akilia saa mbili asubuhi.

Akamtazama miguuni. Miguu ilikuwa imejaa mpaka raba alizovaa zimeachwa wazi, kamba zinaburuta.

"Mama, twende hospitali."

"Kufanya nini? Leo nina wenzangu kanisani."

"Wenzako watakuwepo kesho."

"Sifael, umeanza ukali wa marehemu baba yako."

"Afadhali huo ukali. Inuka."

Aliinuka, lakini akataka kwanza abadilishe kitenge, maana haendi mjini na nguo ya kukatia majani. Kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye pikapu ya jirani yao Ebenezeri ni hatua thelathini. Mama alisimama mara mbili. Mara ya kwanza alisema anaangalia kama ule mkungu wa ndizi umekomaa. Mara ya pili alisema anahesabu kuku. Sifael aliyaona yote mawili, wala hakuyaunganisha. Alikuwa mtu wa kahawa na ng'ombe, darasa la saba, mdomo wazi. Kijijini walimjua kwa kusema kilichopo bila kukizungusha. Lakini kuna mambo mtu haoni yakiwa kwa mama yake, kwa sababu mama yupo tu, kama kihamba, shamba la ukoo, kilivyopo.

Hospitalini Moshi waliingia kitengo cha dharura. Siku hiyo ilikuwa mbaya. Basi dogo lilikuwa limepinduka upande wa Bomang'ombe, na majeruhi walikuwa wanaingizwa kwa vitanda vya magurudumu, mmoja baada ya mwingine, manesi wanakimbia. Pale mbele, kwenye meza ya kupokea wagonjwa, alikuwa amebaki nesi mmoja, msichana mwenye jina limeandikwa kifuani: Kindness. Kazi yake ilikuwa kumtazama kila anayeingia, kumuuliza maneno machache, na kumfunga utepe mkononi. Nyekundu huingia sasa hivi. Njano hasubirishwi sana. Kijani hukaa kwenye benchi mpaka zamu yake ifike.

"Shikamoo bibi," Kindness akasema.

"Marahaba," mama akajibu, akapumzika kidogo, "mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Na wewe hujambo?"

"Sijambo. Tunamshukuru Mungu."

"Shida ni nini bibi?"

"Miguu tu. Uzee huu."

"Kifua kinauma?"

"Aa-aa."

"Unapumua vizuri?"

"Napumua. Si unaniona?"

Kindness akacheka, mama naye akatabasamu, na utepe wa kijani ukafungwa mkononi mwake. "Vipimo vya presha na pumzi vimeingia vyote kwa majeruhi," Kindness akamwambia Sifael. "Vikitoka tu, bibi nitampima wa kwanza. Mkae hapo, baba."

Wakakaa. Kushoto kwa mama alikuwepo fundi ujenzi mmoja, Herbert, kichwa kimezungushiwa taulo lenye damu. Naye alikuwa na utepe wa kijani.

"Wewe na damu yote hiyo wamekupa kijani?" Sifael akamuuliza.

"Tofali limenikwangua, ndugu yangu. Kichwa ni kama jimama la sokoni, kikiguswa kidogo tu kinapiga kelele kwa damu nyingi. Ndivyo walivyoniambia, lakini wao wamesema kwa adabu."

Hapo ndipo mwanamke mmoja akaingia mbio na mtoto wa miaka miwili hivi amelala begani. Mtoto hana damu, halii, ametulia kabisa. Kindness alimgusa mara moja tu, akamfunga utepe mwekundu, akaingia naye ndani anakimbia. Baada ya dakika tano akarudi mezani peke yake.

Sifael alisimama. Alikuwa amevumilia nusu saa, na kwa Sifael hiyo ni siku nzima.

"Wewe binti! Huyo mtoto amelala usingizi wake, unampeleka mbele. Mama yangu miguu kama magogo unamkalisha. Macho umeyaacha nyumbani? Au umewekwa hapa kugawa tepe kama za sherehe ya ubarikio kanisani?"

"Baba, tafadhali..."

"Hakuna tafadhali! Ulimuuliza maneno manne ukacheka naye. Hiyo ndiyo kazi mnayosomea miaka yote?"

Kindness alishika kalamu yake kwa mikono miwili. Mama akamvuta mwanawe koti. "Baba... acha," akasema.

Mlango wa ndani ukafunguka. Akatoka mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani kichwani, aproni ya plastiki ina madoa ya damu. Huyu alikuwa Sista Lukresia, mkubwa wa manesi wa zamu ile.

"Nani anapiga kelele?"

"Mimi," Sifael akasema.

"Vizuri. Anayepiga kelele anapumua. Kaa."

Sifael akakaa. Baadaye hakuweza kueleza kwa nini alikaa.

"Yule mtoto uliyemlalamikia," Sista akaendelea, akivua aproni, "mtoto wa umri ule ukimleta hapa, kwenye mataa na watu wenye makoti, analia mpaka paa linatikisika. Anayelia hanitishi. Aliyelala begani wala hashtuki akiguswa, huyo ndiye ninayemkimbilia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Na mama yangu?"

"Nimetoka kwa ajili ya benchi zima. Mama yako yumo."

Akaanzia mwisho wa benchi, akasalimia mmoja mmoja. Habari yako. Pole na safari. Shikamoo mzee. Sifael aliona ni kupoteza muda. Watu wanaumwa, yeye anagawa salamu kama mgombea udiwani. Akafika kwa Herbert, akainua kona ya taulo, akairudisha. "Wewe utashonwa, utarudi kwenye matofali yako." Kisha akainama mbele ya mama.

"Shikamoo mama."

"Mara..." Pumzi ikakata. Mabega yakapanda, yakashuka. "...haba."

Sista hakuhamia kwa mwingine. Aliteremka taratibu mpaka magoti yakagusa sakafu, akaushika mkono wa mama kama wanawake wanavyosalimiana baada ya ibada, ule mshiko usiokwisha. Hakuuachia. Vidole vyake viwili vilikuwa vimetulia chini ya kifundo cha mkono, na macho yake yalikuwa kwenye saa iliyobandikwa kifuani pake, imegeuzwa kichwa chini.

"Umetoka wapi mama?"

"Marangu."

"Migomba inasemaje huko?"

"Ipo."

"Na mvua?"

"Ipo."

Sista akamgeukia Sifael. "Mimi ni mtu wa Uru, lakini nyie wa Marangu nawajua. Mama wa Marangu anaulizwa habari za migomba anajibu neno moja? Siku zote ndivyo anavyoongea?"

Sifael akafikiri. Mama yake ukimuuliza habari za migomba unatafuta kiti kwanza. "Hapana," akasema.

"Mama, unalala wapi?"

"Kitandani. Watu... wanalala wapi?"

"Halali kitandani," Sifael akadakia. "Analala jikoni, amekaa kwenye kiti. Ana ng'ombe wa kuzaa, anamlinda."

"Ameshazaa?"

Ndama akamjia Sifael machoni, mweusi, ana doa jeupe kwenye paji. Yeye mwenyewe alimvuta miguu akitoka.

"Alizaa Alhamisi," akasema polepole. "Siyo hii. Ile ya nyuma yake."

"Sasa kwenye kile kiti mama analinda nini?"

Mama alitazama sakafu kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Mama," Sista akasema, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "ukilala chali inakuwaje?"

Mama alimtazama mwanawe kwanza. Halafu akamsogelea Sista sikioni, lakini Sifael alisikia.

"Nazama," akasema. "Kama nimetumbukia... mferejini."

Sista alikwishaufungua utepe wa kijani. "Kindness! Kiti cha magurudumu na oksijeni. Nyekundu."

Hapo mama akakataa. Kweli kabisa, akashika ukingo wa benchi. Alimwonyesha Herbert kwa kidevu. "Huyu baba... anatoka damu. Atangulie. Mimi bado."

"Nenda bibi yangu," Herbert akamsihi. "Mimi damu ninayo nyingi, ya kutosha mpaka jioni."

"Mwenye damu... hutangulia."

"Mama, twende bwana!" Sifael akapaza sauti. Mama akazidi kushika benchi. Midomo yake ilikuwa imeanza kugeuka rangi.

Sista hakumvuta. Aliuliza tu, harakaharaka, "Mama, una kahawa?"

"Ninayo."

"Ukishachuma, ile nyekundu unaiacha ilale, ili ile ya kijani imenywe ganda kwanza?"

Hata katika hali ile mama aliudhika. Mtu mzima anamuuliza upuuzi. "Nyekundu... hailali."

"Ikilala?"

"Inachacha."

"Basi usinichachie hapa. Leo nyekundu ni wewe."

Mama akaliachia benchi. Kindness alimpokea kwapani, akamketisha kwenye kiti, akakisukuma kwa kasi ambayo Sifael hakuitegemea kwa msichana mwembamba vile. Raba moja ilianguka njiani. Mlango ukafungwa.

Sifael aliokota ile raba, akarudi kukaa nayo magotini. Ilikuwa na samadi kavu kwenye soli. Aliwaza jinsi mama alivyosimama kuangalia mkungu wa ndizi ambao hata mtoto angejua bado. Kuku alionao ni wanne. Nani anasimama kuhesabu kuku wanne? Akawaza pia kwamba juzi alimuuliza, na jana, na leo asubuhi, umeamkaje mama, na kila siku alipopewa lile jibu aliondoka ametosheka, akaenda kwenye kahawa yake. Siku tatu. Yule binti alidanganywa na jibu la namna hiyohiyo kwa dakika moja tu, tena akiwa na watu arobaini mbele yake, naye Sifael amemtukana mbele yao wote.

"Atapona," Herbert akamwambia.

"Wewe unajua nini? Wewe fundi."

"Sijui kitu. Nimesema tu, ili tusikae kimya."

Saa nzima ikapita. Herbert akaitwa, akaenda kushonwa. Ndipo Sista Lukresia akatoka, akaketi mahali pa Herbert, kwa uzito, kama mtu ambaye hajakaa tangu alfajiri.

"Maji yamejaa kwenye mapafu," akasema. "Moyo umechoka kusukuma, ndiyo maana miguu imejaa, ndiyo maana akilala anazama. Daktari anaye. Tumempa oksijeni na sindano ya kuyatoa hayo maji. Yakitoka, tumevuka. Siahidi kitu mpaka yatoke."

Sifael akaitikia kwa kichwa. "Ulijuaje? Hukumpima na mashine yoyote."

"Mashine zilikuwa ndani. Nikamsalimia."

"Hata huyo binti alimsalimia."

"Alimsalimia akasikiliza maneno. Mimi sisikilizi maneno, bibi zetu wote wanasema hawajambo. Nasikiliza kama marahaba imefika mwisho bila kupumzika. Ile ya mama yako ilikatika katikati. Kindness atajifunza, mimi pia kuna aliyenifundisha, na nilikosea kabla ya hapo. Tena huyo binti uliyemsimanga, ndiye aliyemwona yule mtoto wa begani. Angechelewa kidogo tusingekuwa naye. Sasa anapumua, ametukojolea wote."

Sifael akaigeuza ile raba magotini, akaanza kufunga kamba zake.

Ilikuwa karibu saa saba mchana mlango ulipofunguka tena, Kindness akatoka mbio, kofia imekaa upande. Sifael alisimama, raba mkononi.

"Baba! Amekojoa!"

"Nini?"

"Bibi amekojoa! Lita nzima na zaidi! Anapumua, ameomba chai!"

Benchi zima lilisikia. Sifael hakuwahi kufikiri kwamba siku moja atatangaziwa mkojo wa mama yake mbele ya kadamnasi, na kwamba atashukuru. Alicheka, halafu akafuta macho kwa mkono ule wenye raba, akajipaka samadi shavuni, na Kindness akampa pamba ajifute.

Kesho yake alimkuta mama wodini, ameinuliwa kwa mito mitatu, mpira wa oksijeni puani. Kabla Sifael hajakaa, alipigwa swali.

"Ng'ombe kamkamua nani?"

"Mimi."

"Maskini ng'ombe." Akavuta pumzi, akaendelea. "Yule binti ulimsema vibaya. Nilisikia. Pumzi ndiyo sikuwa nayo, masikio nilikuwa nayo. Kesho ulete isale."

"Mama, hospitalini?"

"Kwani hospitali iko Ulaya?"

Siku ya tatu Sifael akaenda mpakani mwa kihamba asubuhi na mapema, akachuma jani la isale lenye afya. Hilo jani, mtu akikuletea kuomba radhi, hulikatai, hata kama amekuulia ndama. Alilibeba mkononi tangu Marangu mpaka Moshi. Mlinzi wa getini alilitazama, akamtazama yeye, akampisha.

Kindness alikuwa mezani pake. Sifael alilishika kwa mikono miwili, akamnyooshea. Alikuwa ametayarisha maneno njiani, yote yakapotea.

"Nilikosea," akasema. "Basi."

Msichana alisimama. Alikuwa mtoto wa mlimani, hakuhitaji kuelezwa. Akalipokea kwa mikono miwili, macho yamejaa machozi. Kisha akasema, "Baba, nimekubali. Ila na mimi sijaomba radhi kwa bibi. Nilimfunga kijani. Naweza kumpelekea hilihili?"

Sifael hakujua kama desturi inaruhusu. Wakaenda.

Mama alimtazama Kindness akiwa amepiga goti kando ya kitanda na lile jani, akamtazama mwanawe nyuma yake. "Isale moja watu wawili?" akasema. "Mmeanza ubahili." Lakini alilipokea, akalilaza juu ya shuka, na mkono wake mwingine akauweka juu ya kichwa cha yule msichana. "Aika, asante, mjukuu wangu. Na mimi nilikudanganya. Ulinitazama usoni ukaniuliza, nikakudanganya."

Sista Lukresia alikuwa anapita, mkoba begani, zamu yake imeisha. Akaona kundi, akaingia. Akasimama miguuni mwa kitanda.

"Shikamoo mama."

Chumba kikasubiri. Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

"Marahabaaa, Sista wangu, za kazi, za nyumbani, za huko Uru, watoto hawajambo, naona leo unawahi, Mungu akusaidie," mama akasema, yote kwa pumzi moja, akafunga mdomo kwa fahari.

Sista akacheka mpaka mkoba ukamteleza begani. "Na wewe mama, hujambo?"

Sifael alijua jibu. Alilijua tangu azaliwe. Mama akafungua mdomo, akalitazama lile jani kwenye shuka, akamtazama Kindness, akaufunga. Alikaa hivyo kidogo, kama mtu anayetafuta mguu wa kutangulia kuvuka mfereji.

"Mguu wa kushoto bado umejaa," akasema hatimaye. "Jana usiku nilikohoa mara mbili. Kisigino kinawasha. Na huo mtori wenu wa ndizi ni maji matupu. Nani aliwafundisha kuupika, mtu wa Uru?"

"Kindness," Sista akasema, "toa kalamu, andika."

"Na mtori, Sista?"

"Andika vyote. Anza na mtori."